Klia Haioti Tena

Msimu wa madoa jijini Dar es Salaam huanza mvua za vuli zinapochelewa. Vumbi la kiangazi limeshatanda juu ya mabodi, maji ya bomba yana mgawo, na walio wengi wanaosha magari yao kwa maji ya kisima. Hapo ndipo simu huanza kulia gerejini. Fundi, boneti langu limeota vipele. Fundi, nimeoshewa gari jana, leo lina vidoa vya duara na sabuni haivitoi. Mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua kwa ukame na mgawo wa maji ukauma kweli, magari meusi na ya bluu iliyoiva yalikuja kwa wingi. Wenyewe walifika na jibu mkononi: mvua ya tindikali. Wamesikia kijiweni kwamba mvua za siku hizi zina sumu, na kwa kuwa doa haliondoki kwa sabuni, basi lazima ni tindikali, na kwa kuwa ni tindikali, basi lazima ipigwe mashine.

Nimefanya kazi ya rangi za magari tangu nikiwa kijana wa kushikishwa msasa pale mtaani Gerezani, na ningependa kila mwenye gari ajue jambo hili kabla hajampa mtu kitambaa. Madoa ya maji yako ya aina mbili. Kuna doa lililokaa juu ya rangi, na kuna doa lililoingia ndani ya rangi. La kwanza ni chumvi, la pili ni kidonda. Ukiyatazama juujuu huwezi kuyatenganisha. Lakini ukilitibu la kwanza kwa dawa ya la pili, umeondoa kwenye gari kitu ambacho hakirudi.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa mtu wa Tanga. Vijana wake wote tulimwita Babu. Gari la mteja halikuguswa kabla hajalizunguka, na alilizunguka asubuhi, jua likiwa bado limelala, kwa sababu jua la saa sita linamulika kila mahali sawasawa na kuficha kasoro. Mwanga wa pembeni ndio unaoonyesha mashimo. Alichuchumaa usawa wa boneti, akafumba jicho moja, akasogeza kichwa kushoto na kulia taratibu. Kisha alipitisha ncha ya ukucha juu ya duara la doa, kwa wepesi, bila kukwaruza. Doa la chumvi hukwamisha ukucha kidogo kwa sababu limeinuka. Doa lililokula rangi lina ukingo, na ukishavuka ukingo ukucha hushuka. Au vidole havisikii chochote lakini jicho linaona bonde.

"Mjukuu," alikuwa akiniambia, "mwenye gari atakueleza doa limetoka wapi. Wewe tafuta limekaa wapi."

Baada ya ukucha ilifuata siki. Siki nyeupe ya dukani, ile ya asilimia 5, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Sisi tulitumia maji safi yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri. Nasisitiza kwamba ni maji, kwa sababu dukani ukiagiza kwa haraka unaweza kupewa tindikali yenyewe ya betri, na hiyo ikigusa rangi au mkono wako madhara yake ni makubwa. Soma chupa, muulize muuzaji. Boneti liwe la baridi, gari liwe kivulini. Unalowesha pamba, unailaza juu ya doa, unasubiri dakika moja au mbili, na huiachi ikauke. Ukiinua pamba mapema na kutazama kwa karibu sana, pembeni mwa lile duara jeupe utaona vipovu vidogo mno vinainuka na kupasuka. Ni kaboni dayoksaidi: siki inaila chokaa, kama inavyoyala magamba meupe ndani ya birika. Unafuta, unasuuza kwa maji mengi, unakausha. Doa halipo. Hakuna mashine iliyowashwa, hakuna msasa uliolowekwa, hakuna chembe ya rangi iliyoondoka.

Yapo madoa ya chumvi yasiyokubali mara ya kwanza, hasa yaliyopikwa na jua kwa miezi. Hayo hurudiwa, au hupitishiwa udongo wa kusafishia rangi, ule unaokandika mkononi, huku rangi ikiwa imelowa maji ya sabuni ili udongo uteleze. Siki huweza kudhoofisha pia nta iliyokuwepo, kwa hiyo ukimaliza unapaka nta upya. Kazi ya aina hii haina utukufu. Mteja akisimama kutazama anaona mtu anapapasa gari kwa pamba, na wengine huuliza kama hapo ndipo fedha yao inapokwenda.

Chokaa hiyo inatoka wapi? Sehemu kubwa ya mwambao wetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu. Maji yakipita humo hubeba kalisi na magnesi, na kadiri kisima kinavyokaribia bahari huongezeka chumvi ya kawaida. Kila anayefua nguo kwa maji ya kisima anayajua maji hayo kwa sabuni isiyotoa povu. Sasa muoshaji anamwagia gari maji hayo mchana, juani, boneti jeusi likiwa halishikiki kwa moto. Anafuta haraka haraka, anakimbilia gari jingine. Tone lililobaki nyuma ya waipa, au kwenye ukingo wa buti, linakauka. Maji yanapaa, chokaa inabaki. Kesho yake linamwagiwa tena, na duara linaongezewa tabaka. Kwa kazi niliyoifanya miaka yote hii, naweza kusema bila wasiwasi kwamba madoa mengi yanayoletwa gerejini hapa mjini na kuitwa tindikali ni chokaa ya kisima.

Ili mtu aelewe kwa nini naumia sana nikisikia mashine imewashwa bure, lazima ajue kilicho chini ya kitambaa. Juu ya bati la gari la kisasa kuna tabaka la kuzuia kutu; kiwandani bodi zima huzamishwa kwenye dimbwi la rangi na umeme ukapitishwa ili ishike mpaka kwenye kona zisizofikika. Juu yake praima. Juu ya praima rangi yenyewe, nyeusi au bluu au fedha, ambayo peke yake haina mng'ao wowote. Na juu ya yote hayo klia, tabaka lisilo na rangi, ndilo linalong'aa, ndilo linalopambana na jua, ndilo unaloligusa ukisema umegusa rangi ya gari. Matabaka yote kwa pamoja mara nyingi ni maikroni kati ya 100 na 150. Klia peke yake ni kama 40 au 50. Unywele wa mtu ni kama 70. Kazi yetu yote ya polishi, umaarufu wetu wote na ugomvi wetu wote na wateja, vinafanyika ndani ya kitu chembamba kuliko unywele.

Polishi haifuti doa, inakata. Chembe ngumu zilizomo ndani ya kompaundi zinaparuza klia mpaka usawa wa juu ushuke na kufika chini ya lile shimo. Shimo halijajazwa, kilichofanyika ni kushusha uwanja mzima uliolizunguka. Ndani ya klia zimo kemikali za kuzuia miale ya jua, na ukiipunguza mno, jua la kwetu linamalizia: inapauka, inapasuka, inaanza kubanduka vipande vipande. Pita Kariakoo utazame mapaa ya magari yaliyozeeka. Jua limechangia, lakini na mikono ya watu imechangia, kila Jumamosi kwa miaka mingi.

Mama mmoja, mwalimu, alituletea gari dogo jeusi lililotoka gereji nyingine siku chache nyuma. Alimwamkia Babu kwa heshima, akaeleza kwamba boneti lake lilikuwa na madoa, akaambiwa ni mvua ya tindikali, likapigwa kompaundi kali kwa mashine yenye manyoya ya sufu. Lilivyotoka liling'aa sana. Sasa katikati ya boneti kuna kiraka kilichofifia, kikubwa kuliko sahani, na kila akipaka nta kinafifia zaidi.

"Mwanangu," Babu alimwuliza, "siku ile walipokuwa wanapiga, uliona kitambaa chao?"

Alikiona. Kilikuwa cheusi. Yeye alidhani ni uchafu unatoka, na kijana aliyeshika mashine alimwambia hivyo hivyo. Gari lenye klia halitoi rangi kwenye kitambaa. Klia haina rangi ya kutoa. Kitambaa kikitoka cheusi kwenye gari jeusi la namna hiyo, maana yake klia imekwisha na sasa unakula rangi. Babu hakumwambia hayo kwanza. Alienda kwenye mlango wa nyuma, ambao wale mafundi hawakuugusa, nao ulikuwa na madoa ya aina ile ile. Akachukua pamba na siki. Yalitoka yote, mwalimu akiwa amesimama pale pale, mkoba begani. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kupiga rangi boneti zima ni kiasi gani. Hakuna kilichonifunza kazi yangu zaidi kuliko uso wake alipokuwa anautazama ule mlango.

Mvua ya tindikali ipo, na si hadithi ya kijiweni. Mwaka 1852 mkemia Robert Angus Smith, Mskoti aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, alieleza jinsi mvua ya mji ule wa viwanda ilivyobeba tindikali kutoka kwenye moshi wa makaa ya mawe, na mwaka 1872 akatoa kitabu kizima juu ya kemia ya hewa na mvua. Mvua safi kabisa nayo ina uchachu kidogo, kwa sababu inafyonza kaboni dayoksaidi angani. Kipimo chake cha pH ni kama 5.6. Chini ya hapo ndipo tunapozungumzia tindikali, na kila tarakimu moja ikishuka, uchachu unaongezeka mara kumi. Kinacholeta tindikali hiyo ni gesi ya salfa dayoksaidi na oksidi za naitrojeni, zikichanganyika na unyevu na kuwa tindikali za salfuriki na naitriki.

Mvua hiyo ikikugonga mkononi hutahisi kitu. Hatari yake kwa rangi inaanza mvua ikishakatika. Jua linatoka, tone linasinyaa, maji yanapaa lakini tindikali ya salfuriki haipai. Kilichokuwa kikali kidogo ndani ya tone kubwa kinakuwa kikali sana ndani ya tone dogo, juu ya bati la moto, juu ya klia iliyolainika kwa joto. Hapo ndipo shimo linapochimbwa. Kemia hiyo imewasumbua hata wenye viwanda vikubwa. Klia za akriliki zilizoshikizwa kwa melamini, zilizoenea sana duniani, zilionekana kuchimbika, na mji wa Jacksonville kule Florida, Marekani, wenye joto na unyevu mwingi, ukawa mahali ambapo watengenezaji wa rangi hupeleka vibati vilivyopakwa klia mpya na kuviacha nje majira yote ya joto, ili wavikague vimeliwa kiasi gani. Klia za sasa zinavumilia zaidi kwa sababu ya kazi hiyo. Kuvumilia si kutodhurika.

Mvua ya tindikali ya kweli, ninayoweza kuapa kwamba niliigusa kwa vidole, ilikuja gerejini kwetu juu ya gari kutoka Goma, mashariki mwa Kongo.

Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara aliyeteremka kufuata mzigo wake bandarini, akapita Rwanda, akavuka mpaka wa Rusumo, akaja hadi Dar na gari kubwa la bluu iliyoiva. Ilikuwa kabla ya mlipuko wa 2021, wakati ziwa la lava juu ya volkano ya Nyiragongo bado linachemka kama lilivyochemka tangu baada ya mlipuko wa Januari 2002, ule uliopitisha moto katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu. Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira wamekuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa vya asili vya salfa dayoksaidi duniani. Moshi wao haubebi salfa peke yake. Una tindikali za klorini na florini pia. Vijiji vilivyo upande ambao upepo hupeleka moshi, kama Rusayo, vimeona mazao yakiungua majani na mabati yakitoboka mapema.

"Papa," yule mgeni alimwambia Babu, "mvua ya kwetu inakula mpaka mabati. Gari itapona je?"

Babu akamwuliza wanaosha kwa maji gani.

"Tunaoshaka ku ziwa. Maji iko mingi kule."

Nilimwona Babu anatikisa kichwa polepole, kama anayehesabu. Maji ya Ziwa Kivu yamejaa bikaboneti na magnesi, chumvi zinazopanda na chemchemi kutoka chini ya ziwa lenyewe, na hayana uchachu hata kidogo. Yako upande wa pili wa kipimo. Gari lile lilikuwa linaliwa na mbingu na kupakwa chumvi na ziwa. Juu ya hayo kulikuwa na vumbi la mawe ya volkano, lenye makali, kwenye kila ufa wa vioo na milango.

Hatukugusa chochote kwa kitambaa kikavu. Tulimwaga maji mengi kwanza, yanayoteremka yenyewe, mpaka vumbi lile likaondoka bila kusuguliwa, kwa sababu kulifuta kavu ni kupiga msasa. Kisha sabuni, kisha siki kwa zamu, paneli moja baada ya nyingine, kivulini. Siki ilitoa weupe mwingi sana. Na weupe ulipotoka ndipo tuliona vidonda. Chini ya chumvi kulikuwa na mabonde madogo ya duara, mengi juu ya boneti na mengi zaidi juu ya paa, mengine yameingiliana. Ukipitisha ukucha unashuka na kupanda. Kwenye milango, ambako matone hayakai, hayakuwepo.

Babu alikuwa na kipimo cha unene wa rangi, kifaa kidogo cha kubandika juu ya bati. Hakipimi klia peke yake, kinasoma matabaka yote kwa pamoja, na juu ya bampa la plastiki hakisomi kitu. Lakini ukisoma sehemu nyingi na kuzilinganisha, unapata habari. Milango ilisoma karibu 130. Boneti lilisoma kwenye 120. Paa lilisoma chini ya 100 karibu kila mahali. Gari lilikuwa na rangi yake ya kiwandani, kwa hiyo tofauti hiyo ilikuwa na maana moja: mtu alikwisha kupita juu ya paa lile na mashine, pengine zaidi ya mara moja, akifukuza madoa haya haya.

Boneti tulilifanyia kazi. Kona moja tu kwanza, ukubwa wa kiganja, kwa sponji laini na polishi ya mwisho, ile isiyokata sana. Haikutosha. Tukapanda ngazi moja, polishi ya kati, sponji ile ile. Mabonde madogo yalitoka. Makubwa yalibaki lakini kingo zake zililainika. Nami nilitaka kuendelea, nikauliza kama nilete msasa wa maji namba 3000. Babu akanionyesha kwa kidole. Bonde likishapoteza ukingo, mwanga haukwami tena. Mtu akisimama hatua mbili halioni. Kushuka mpaka chini ya bonde kungegharimu klia ya boneti zima ili kuondoa kitu ambacho kinaonekana ukilala juu yake tu. Tukaishia hapo kwa boneti.

Paa tulilipiga polishi ya mkono, kidogo, tukapaka nta. Mabonde yalibaki.

Mgeni alipokuja kuchukua gari alipanda kwenye ngazi ya mlango, akatazama paa kwa muda mrefu. "Papa, huku uliacha," alisema.

"Nimeliacha makusudi, mwanangu. Klia haioti tena. Ukirudi kwenu mvua itanyesha tena, na huyo mwingine utakayempa afute, nataka akute kitu cha kufuta."

Akamweleza la kufanya: gari lilale chini ya paa, na likinyeshewa, asisubiri jua. Alimwagie maji hayo hayo ya ziwa, yatapunguza tindikali na kuiosha, halafu alikaushe lote kwa kitambaa kabla halijakauka lenyewe, asibakize hata tone. Mimi nilikuwa nimefikiri maji ya ziwa ni adui wa pili. Ila maji hayawi doa yakiwa bado maji. Ziwa, kisima, mvua ya volkano, yote yanadhuru yakikauka, na mwenye kitambaa kikavu anayakatiza njiani. Siku zile nilipokuwa nahangaika na makopo ya dawa kutoka nje, jambo hilo lilinituliza sana.

Yule mgeni alitueleza pia kwamba kwao watu wanakinga mvua hiyo hiyo mabatini na kuinywa. Uchunguzi umekuta florini ndani ya maji hayo, na meno ya watoto yanaonyesha. Nilikuwa nimeshika sponji aliposema hayo, na tangu siku ile siwezi kuzungumzia mvua ya tindikali kana kwamba mwathirika wake mkubwa ni boneti.

Kwa sisi wa huku, kazi ya kuzuia ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Osha asubuhi au jioni, kivulini, ukikausha paneli moja kabla ya kwenda nyingine. Kama maji ni ya kisima, hifadhi ndoo moja ya maji laini ya kumalizia. Watu wengi hufurahi mvua ikilinyeshea gari, wanasema limeoshwa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kuliko zote, maana inashusha vumbi na moshi wa miezi juu ya bati lako. Hiyo ndiyo ya kuisuuza. Kinyesi cha kunguru nacho, na jiji letu lina kunguru, kisilale juu ya rangi hadi kesho. Kiloweshe kwa kitambaa chenye maji mpaka kilainike, usikikwangue.

Nta ni nzuri, na hizi za seramiki zinazosifiwa sasa ni nzuri pia, lakini wauzaji wake husahau kueleza jambo moja. Zinafanya maji yasimame matone ya duara juu ya rangi. Yanapendeza, watu wanayapiga picha. Tone lililosimama likikauka linaacha chumvi yake yote mahali pamoja, kwa hiyo gari lililopakwa na kuachwa juani baada ya kuoshwa kwa maji ya kisima linaweza kupata duara zilizokolea kuliko lisilopakwa. Faida ni kwamba duara zile zitakaa juu ya nta muda mrefu kabla ya kufika kwenye klia. Kukausha hakukwepeki.

Lipo linaloniudhi, nalo ni desturi ya kuficha. Gari likitakiwa kuuzwa Jumamosi, hupakwa mafuta yenye silikoni yanayojaza mabonde, na mnunuzi anaona kioo. Wiki mbili baadaye, baada ya kuoshwa mara chache, mabonde yanarudi, naye anaamini mvua ya mtaani kwake imemharibia gari. Nimekataa kazi hiyo kwa madalali ninaowaheshimu kwa mambo mengine, na nitaendelea kuikataa. Mnunuzi ana haki ya kuona kidonda anachokinunua.

Babu alikuwa anaandika vipimo vyake kwenye karatasi: boneti, paa, milango, mabawa, kabla na baada, na tarehe. Karatasi iliwekwa pamoja na hati za gari. Nami nafanya hivyo kwa kila gari ninalolipiga polishi. Ukienda kwa fundi yeyote na madoa yako, mwombe ajaribu siki kwenye doa moja wewe ukiwepo, kivulini, bati likiwa la baridi. Likikataa, mwombe asome unene kabla hajawasha mashine, na akuandikie. Asiye na kipimo aanze na polishi laini kuliko zote alizonazo, kwenye kona ndogo, kwa kitambaa cheupe, na akuonyeshe kitambaa hicho kila anapokigeuza.